Jibu: Mavazi yapo, mbona wauguzi bado wanaambukizwa?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini wauguzi wa hema lenu la Ebola wanaambukizwa ilhali mavazi ya kinga yapo ya kutosha. Anza na sehemu ya kuvulia mavazi hayo. Kule Beni, mashariki mwa Kongo (DRC), wakati wa mlipuko wa Ebola mwaka 2019, hapo ndipo tulipopaogopa zaidi: mtu katoka zamu, kalowa jasho, kachoka, anavua harakaharaka na kugusa uso. Asivue peke yake kamwe. Msimamizi asimame mbele yake akimtajia kila hatua, na glavu zioshwe kwa klorini ya 0.5% kila baada ya hatua. Kwa ngozi ni 0.05% tu. Klorini ichanganywe upya kila siku.

Kisha tazama njia wanayopita wauguzi: wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Ebola kwanza, waliothibitishwa baadaye, hakuna kurudi nyuma.

Na wasafishaji je, wamefundishwa? Hao husahauliwa, na inaniuma sana.