Kabla Hujakihukumu Kipindi cha Kwanza cha Msimu

Msimu mpya wa tamthilia ya Netflix kwa kawaida hufunguliwa saa sita usiku ya California, na huku Nairobi hiyo huwa ni saa nne asubuhi, au saa tano katika miezi ile Marekani inaporudisha saa zake nyuma. Kwa hiyo maoni ya kwanza juu ya kipindi cha ufunguzi huandikwa na wale wanaoweza kutazama wakati wa kazi, na ifikapo jioni, sisi wengine tukiwa tumekwama kwenye msongamano wa Barabara ya Thika, kesi imekwisha kusikizwa na hukumu imetolewa: kipindi ni moto, au kipindi ni takataka. Nimekuwa shabiki wa tamthilia za bunilizi ya kisayansi kwa muda wa kutosha kuona kwamba hukumu za aina hiyo hazimfai mtu, kwa kuwa hazisemi kipindi kimefanya nini.

Kipindi cha kwanza cha tamthilia ya namna hii kina mzigo ambao tamthilia nyingine hazina. Tukitazama kisa cha mke na mawifi zake, hatuhitaji kufundishwa wifi ni nani wala anaweza kuleta balaa gani nyumbani. Lakini tukitazama kisa cha watu waliopasuliwa ubongo ili nafsi yao ya kazini isiijue ile ya nyumbani, ni lazima kwanza tuonyeshwe sheria za ulimwengu huo, ndipo tujue la kuogopa. Ushauri wangu basi ni kwamba, kabla hujafungua simu kusoma wenzako wanasema nini, uandike sentensi chache kujibu maswali mawili: kipindi kimenifundisha sheria gani, na ni jambo gani ambalo nimeona kinanificha?

Swali la pili ndilo lenye utamu, na mfano bora ninaoujua ni msimu wa pili wa Severance, tamthilia ya hao waliopasuliwa ubongo. (Kama hujautazama, ruka aya hii na inayofuata.) Msimu wa kwanza ulimalizika Aprili 2022, nafsi za kazini zilipofanikiwa kuamka nje ya ofisi, na mfanyakazi mmoja, Helly, akagundua kwamba nje yeye ni Helena, binti wa ukoo unaoimiliki kampuni inayowatesa. Mashabiki walisubiri hadi tarehe 17 Januari 2025, na walipofunguliwa mlango walikuta kipindi kizima kinabaki ndani ya ofisi, bila kuonyeshwa hata kidogo kilichotokea nje. Wengi walilalamika kwamba mambo yanakwenda kwa mwendo wa kobe. Malalamiko hayo nayaelewa, ila hayakuwa na pa kushika.

Wenye macho walishika jambo dogo. Helly anapoulizwa na wenzake aliona nini nje, anawaambia kwamba aliamka katika nyumba ya kawaida tu, akatoka, akakutana na mtunza bustani wa usiku. Sisi tuliokuwa tumemwona akisimama mbele ya hadhira kwenye sherehe ya kampuni tulijua kwamba anadanganya. Swali likawa anadanganya kwa aibu, au huyu si Helly kabisa? Rafiki yangu mmoja, mkazi wa mtaa wa Umoja, alilimaliza suala kwa njia yake: mlinzi wa usiku tunamjua, kila ploti inaye, lakini mtunza bustani wa usiku, tena huko kwenye theluji, ni mtu wa kutungwa na tajiri ambaye hajawahi kumwajiri wala kumlipa yeyote kwa mkono wake. Kipindi cha nne kilipofika, Irving, mfanyakazi mwenzao, alimfichua Helena mbele ya wote. Maoni ya rafiki yangu yalikuwa na thamani hata kama yangekuja kupingwa na hadithi, kwa sababu yalitaja neno lililosemwa na mtu aliyelisema, na kila mmoja wetu aliweza kurudi kulitazama upya.

Hakikisha pia kwamba ulichotazama ni cha kwanza kweli. Wale tuliokuwa tukinakiliwa tamthilia kwenye flashi katika vibanda vya sinema vya katikati ya jiji tunajua jinsi faili zinavyoweza kufika zimevurugika, lakini hata vituo vikubwa vimewahi kufanya hivyo kwa makusudi. Mwaka 2002 kituo cha Fox cha Marekani kilikiweka kando kipindi cha saa mbili kilichotengenezwa kuifungua tamthilia ya Firefly, kikaanza na kingine tarehe 20 Septemba, na kile cha asili kikaja kuonyeshwa Desemba. Kati ya vipindi 14 vilivyotengenezwa, 11 tu ndivyo vilivyorushwa wakati huo. Watazamaji walioona wahusika hawajatambulishwa vizuri walisema kweli, ila lawama waliielekeza kwa waandishi.

Jambo jingine ni kutofautisha mwanzo na kiporo. Star Trek: The Next Generation ilifunga msimu wake wa tatu, Juni 1990, nahodha Picard akiwa ametekwa na kugeuzwa kuwa adui, na mashabiki wakasubiri hadi Septemba. Kipindi kilichofungua msimu wa nne kilikuwa nusu ya pili ya hadithi ile ile, na anayekitumia kuutabiri msimu mzima anapima kitu kisichokuwapo. Linganisha na Battlestar Galactica, ambayo msimu wake wa kwanza unafunguliwa na kipindi kiitwacho 33: adui anatokea kila baada ya dakika 33, watu hawajalala kwa siku tano, na sheria zote za ulimwengu ule tunafunzwa kupitia uchovu wao bila mtu kusimama kutoa hotuba. Kipindi hicho kilipata Hugo, tuzo ya bunilizi ya kisayansi, mwaka 2005, na kwangu ndicho kipimo cha ufunguzi. Black Mirror niiache kando, kwani karibu kila kipindi chake ni kisa kinachojitegemea na ukianza na chochote kati ya hivyo hupotezi kitu.

Kisha kuna furaha, ambayo inastahili kusemwa waziwazi na peke yake. Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda, alipofungua msimu wake kama mhusika mkuu wa tamthilia ya Doctor Who Mei 2024, wengi wetu huku Afrika Mashariki tulikuwa tumekwisha kushangilia kabla ya kuona lolote. Kipindi chenyewe, kilichojaa watoto wachanga wanaoendesha kituo cha angani, sikukipenda. Niliona mzaha umepita kiasi, ingawa Gatwa aliubeba vizuri. Kilitolewa siku moja na cha pili, ambacho kilinivutia zaidi. Ukinichanganyia hayo yote katika sentensi moja ya sifa, sitajua kama unamsifu mwigizaji, mwandishi au jirani yetu aliyefika mbali.

Mimi husubiri kipindi cha tatu, nikarudi kwenye zile sentensi zangu za kwanza, ndipo nikasema kama msimu unafaa. Wakati huo huo kumbuka kwamba si kila mtu ana intaneti ya nyumbani. Kuna wanaosubiri wikendi ili wanunue bando moja na kutazama vipindi vyote kwa mpigo, na kuwamwagia mtama Alhamisi ni ukorofi. Ukituma ujumbe wa sauti, anza kwa kutaja jina la tamthilia na namba ya kipindi, ili anayeusikiliza apate nafasi ya kuuzima kabla hujafika kwa yule mtunza bustani.