Garimoshi la Uskoti: nikae upande gani?

SWALI: Shikamoo dada. Binti yangu anasoma Glasgow na Julai nitakwenda kumtembelea. Ameahidi kunipandisha treni ya mvuke iitwayo Jacobite, inayotoka Fort William hadi Mallaig na kurudi siku hiyohiyo. Nina miaka hamsini na ushei, magoti yananisumbua, na sipendi nilipe fedha zote hizo halafu niishie kuona migongo ya watu. Nijiandaeje?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umenifurahisha mno. Baba yangu alikuwa mchochea moto kwenye vichwa vya mvuke vya Reli ya Kati, nasi tulikulia kota za reli Gerezani, kwa hiyo swali hili nimelisoma kwa moyo wote.

Kubwa kuliko yote ni kiti. Mwambie binti akate tiketi mapema, na aombe dirisha la upande wa kushoto wa treni inapoelekea Mallaig, behewa la nyuma. Sababu ni daraja la Glenfinnan. Lilijengwa kwa zege tupu lisilo na nondo, likaanza kutumika mwaka 1901, lina matao 21 na urefu wa takriban mita 380, na lote limepinda kuelekea kushoto. Ukiwa nyuma, utakiona kichwa kikitoa moshi mbele yako huku ziwa Shiel likifunguka bondeni. Aliyekaa kulia ataona mlima tu. Na asikudanganye mtu kwamba mtabadilishana wakati wa kurudi: Mallaig kichwa huhamishwa na kufungwa upande wa pili, kikarudi kinyumenyume, lakini mabehewa hayageuzwi na kiti chako ni kilekile. Dirisha la bahari linabaki kuwa la bahari kwenda na kurudi.

Msitoke Glasgow alfajiri siku hiyohiyo. Kutoka Glasgow hadi Fort William peke yake ni karibu saa nne kwa treni ya kawaida. Laleni Fort William, magoti yako yapumzike.

Mavazi: usivae nyeupe. Vichwa vya baba vilichoma mafuta mazito, lakini hivi vya Uskoti vinachoma makaa ya mawe, na chembe zake huingia dirishani. Chukua miwani, na usitoe kichwa nje hata kidogo. Julai ni majira yao ya joto, ila kwa mtu wa Tabata hiyo ni baridi ya sweta, na mvua ni ya kila wakati. Beba pia dawa ya kufukuza wadudu. Kuna visubi wanaong'ata vibaya, hasa pasipo na upepo.

Ukishapita Glenfinnan wengi huweka simu mfukoni na kuanza kupiga soga. Wewe usifanye hivyo. Mbele kuna daraja la Loch nan Uamh, ambako mwaka 2001 wataalamu walithibitisha kwamba ndani ya nguzo kuna mabaki ya farasi na mkokoteni wake, walioangukia humo wakati wa ujenzi. Baada ya hapo treni inaupanda mlima wa Beasdale, na hapo ndipo kichwa kinapofanya kazi ya kweli. Nyamaza usikilize pumzi zake zinavyokuwa nzito na za polepole. Mimi sauti hiyo naithamini kuliko picha yoyote.

Mallaig ni bandari ya wavuvi. Mtapata muda wa kutosha kula samaki na kunyoosha miguu gatini. Nafasi za Jacobite zikiisha, reli hiyohiyo ina treni ya kawaida ya dizeli mwaka mzima, kwa nauli nafuu zaidi. Mandhari ni yaleyale.

SWALI: Je, hapa kwetu siwezi kupanda treni ya mvuke?
Msomaji, Kurasini

JIBU: Ya abiria hakuna. TAZARA ilianza na dizeli moja kwa moja, na SGR ya Dar hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, ni ya umeme. Kama hamu yako ni kuvigusa vichwa vyenyewe, nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi. Kipo kimoja kilichopewa jina la Wanyaturu, watani wetu wa Singida, na lipo lile jitu liitwalo Mount Gelai, lenye uzito wa tani 250 hivi. Vaa viatu vya kupandia ngazi.