Yape Macho Nusu Saa

Ukizima taa ukajikuta kwenye giza totoro, usikimbilie tochi. Kaa kwanza. Baada ya dakika chache utaanza kuona fremu ya mlango, kisha kiti, mwishowe hata mikunjo ya shuka. Mimi ni mpenzi wa kutazama nyota, kwa hiyo nimezoea kukaa gizani nikingoja macho yafunguke, na wanaoniuliza wanunue darubini gani huwa nawajibu kwamba wajifunze kungoja kwanza. Darubini haimsaidii mtu aliyetoka kuchungulia simu sasa hivi.

Wengi hudhani kazi yote ya kuzoea giza hufanywa na mboni. Mboni hutanuka, ni kweli: kwa kijana upana wake hutoka milimita 2 hivi kwenye mwanga mkali hadi 7 au 8 gizani. Lakini piga hesabu ya eneo lake uone, mwanga unaoingia unaongezeka mara 12 hadi 16 tu kwa kukisia. Jicho lililozoea giza barabara linaweza kugundua mwanga hafifu kwa maelfu ya mara kuliko lilivyoweza mchana. Mboni haiwezi kuleta tofauti hiyo peke yake. Sehemu kubwa hufanyika nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina, na huko ni kazi ya kemia.

Retina ina seli za aina mbili tunazozitegemea kuona. Seli koni ni kati ya milioni 4 na 6 kwa kila jicho; hizi ndizo zinazotupa rangi na kutuwezesha kusoma maandishi madogo, na zimesongamana katikati, pale tunapoelekeza macho tukitaka kuona kitu vizuri. Seli fimbo ni nyingi mno, zaidi ya milioni 90, zimetanda pembeni, na hazijui rangi. Ila kwa mwanga mdogo hazina mpinzani: fimbo moja inaweza kuitikia chembe moja tu ya mwanga.

Ndani ya kila fimbo mmejaa rodopsini, protini iliyokumbatia molekuli ndogo inayotokana na vitamini A. Molekuli hiyo huwa imepinda. Mwanga ukiigonga hunyooka, protini hubadilika umbo, na ishara inaanza safari ya kwenda kwenye ubongo. Baadaye molekuli iliyonyooka huachia, hupelekwa kwenye tabaka la seli nyeusi lililo nyuma ya retina, hupindwa upya huko, ndipo irudishwe kwenye fimbo. George Wald, aliyefumbua sehemu kubwa ya mzunguko huu, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Kwako wewe uliye gizani, la muhimu ni kwamba mzunguko huo huenda polepole na hakuna namna ya kuuharakisha. Jua la mchana huunguza rodopsini kwa wingi, na kuijaza upya huchukua muda.

Ndiyo maana kuzoea giza huja kwa awamu mbili. Koni huanza, kwa sababu zina njia nyingine ya mkato ya kurejesha kemikali zake. Ndani ya dakika 5 hadi 10 zinakuwa zimefika mwisho wa uwezo wao, na hapo unahisi kama hakuna kinachoongezeka tena. Wageni wengi hukata tamaa dakika hizohizo. “Mimi macho yangu ndivyo yalivyo,” husema, na mkono unaelekea mfukoni kutafuta simu. Kumbe fimbo ndiyo kwanza zinachukua zamu. Kuanzia hapo uwezo unapanda tena, polepole, hadi dakika 30 au 40. Kwangu mimi dakika ya 20 ndiyo yenye raha: anga uliyodhani unaijua inaanza kujaa nyota katikati ya nyota.

Kinyume chake ni kazi ya dakika moja au mbili. Ukitoka gizani ukaingia kwenye mwanga, fimbo hulemewa na kunyamaza, koni hupunguza ukali wake haraka, mambo yanakaa sawa. Kwa hiyo nusu saa uliyoivumilia inaweza kupotea kwa mtu mmoja kufungua mlango wa gari na taa ya ndani ikawaka. Nina ukali kidogo kuhusu hilo, wenzangu wananivumilia.

Taa nyekundu inasaidia, lakini sio kwa jinsi wauzaji wanavyosema. Fimbo hupokea vizuri zaidi mwanga wa kijani-bluu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 500, na nyekundu iliyokolea karibu haizigusi. Mwaka 1916 Wilhelm Trendelenburg alibuni miwani myekundu kwa ajili ya madaktari wa eksirei, waliolazimika kukaa gizani kabla ya kusoma picha hafifu za siku zile. Wakaweza kuvaa miwani huku wakiendelea na kazi nyingine penye mwanga. Tatizo ni kwamba tochi nyingi za kichwani zina taa nyekundu kali kupita kiasi. Ikibidi uchague, afadhali mwanga hafifu sana wa rangi yoyote kuliko mwekundu unaomulika kama taa ya breki. Mimi hufunika tochi yangu kwa tabaka za utepe hadi niweze kusoma ramani kwa shida. Na ramani yenyewe isiwe na alama nyekundu, maana chini ya taa nyekundu zinatoweka kabisa kwenye karatasi nyeupe.

Kama huna budi kuingia penye mwanga, linda jicho moja. Kila retina huzoea kivyake. Lifunike kwa kiganja, kwa kuwa kope peke yake hupitisha mwanga. Ukirudi gizani fungua yote mawili, kisha yafumbe kwa zamu: jicho lililofunikwa linaona chumba kizima kwa kijivu, lile jingine linaona weusi mtupu. Hakuna maelezo yatakayokushawishi kuliko jaribio hilo. Usilifanye ukiwa kwenye ngazi wala ukiendesha gari, kwa sababu jicho moja hukadiria umbali vibaya.

Jambo jingine ni kutazama kwa kuiba. Katikati kabisa ya retina hakuna fimbo hata moja, kwa hiyo nyota hafifu ukiikodolea inapotea. Hamisha macho kando kidogo, kama upana wa ngumi na nusu mkono ukiwa umenyooshwa, nayo inarudi. Ukitumia jicho moja, hakikisha kitu unachokitafuta kinabaki upande wa pua, kwa kuwa upande wa sikio kuna doa pofu, mahali ambapo jicho haliona kitu. Inachosha mwanzoni, macho yana tabia ya kurukia kile yanachokitaka.

Ukitaka kushuhudia koni na fimbo zikipokezana zamu, kaa karibu na ua jekundu lenye majani mabichi jua linapozama. Mchana ua ndilo linalong’aa. Giza likiingia, ua linafifia hadi linakuwa jeusi, huku majani yakibaki na weupe fulani hafifu. Mwanasayansi Jan Purkyně aliligundua hilo karne ya 19 kwa kutazama maua tu, bila mtambo wowote.

Kuhusu udereva wa usiku, usitarajie macho yako yazoee giza kabisa. Taa za gari lako mwenyewe haziruhusu. Punguza mwanga wa dashibodi, safisha kioo ndani na nje, na ukimulikwa tazama ukingo wa barabara wa upande wako huku ukipunguza mwendo. Miwani ya njano inayouzwa kwa madereva wa usiku siipendekezi. Hupunguza mwanga unaofika jichoni, saa ambayo mwanga wenyewe ni haba. Miwani ya jua mchana, hiyo naiunga mkono: kushinda kwenye jua kali kwa saa nyingi huchelewesha macho kuzoea giza jioni yake.

Umri nao una mchango. Mboni za wazee hazitanuki kama za vijana na fimbo zao hujijaza taratibu zaidi, hivyo dakika 40 zinaweza zisitoshe. Lakini ukiona uwezo wako wa kuona usiku unashuka waziwazi, unajikwaa pale wenzako wanapopita vizuri, au uwanja wako wa kuona pembeni unabana, nenda kwa daktari wa macho. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni upungufu wa vitamini A, huenda ni ugonjwa wa kurithi unaoharibu fimbo, na kila kimoja kina njia yake. Usijitibu kwa vidonge vya vitamini A. Kwa asiye na upungufu haviongezi chochote gizani, na vikizidi vinaumiza ini.