Daktari akikuambia "watoto wote wanacheua"

Mwanangu wa pili alizaliwa Novemba, wakati Dodoma joto linakausha midomo na kila mtu anaangalia mawingu. Kilo 3.2, sauti ya nguvu, ananyonya vizuri. Ilipofika wiki ya tano mambo yakageuka. Akishika ziwa ananyonya mara tatu nne, anaachia, anajipinda mgongo kama upinde na kulia mpaka sauti inakauka. Maziwa yanarudi, mengine yanatokea puani. Hata asipotapika nilikuwa namsikia anameza kitu kinachopanda, huku uso umekunjamana. Usiku nilikuwa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta, yeye kifuani, kwa sababu nikimlaza tu kilio kinaanza upya.

Nilimpeleka hospitali. Daktari hakumvua nguo wala hakumpima uzito. Aliandika huku ananiuliza, kisha akasema, "Mama, watoto wote wanacheua. Atakua." Nikaondoka na dawa ya gesi. Wiki iliyofuata nikaenda kwingine, kwa kulipia, nikidhani pesa itaninunulia sikio. Huko niliulizwa, "Huyu ni wa kwanza?" Nikajibu ni wa pili. "Basi ungekuwa umeshazoea. Wasiwasi wako ndio unaomfanya mtoto alie." Mara ya tatu wakasema ni kifua, tukapewa dawa ya kuua bakteria aliyoitapika kila siku.

Lile neno la wasiwasi liliniumiza kuliko yote, kwa sababu nililiamini. Nilirudi nyumbani Nkuhungu siku hiyo nikijiona mama mbaya.

Leo najua kwa nini wanasema hivyo, na nataka nawe ujue, maana ukimwelewa daktari utajua namna ya kuongea naye. Kucheua ni kawaida kweli. Pale umio linapoingia tumboni kuna msuli unaobana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba, na kwa mtoto mchanga msuli huo bado ni mlegevu. Chakula chake ni cha majimaji tu, na muda mwingi analala chali. Hivyo maziwa yanapanda. Kwa wengi hali inazidi kufikia mwezi wa nne, kisha inapungua mtoto anapoanza kukaa, na wengi wameshaacha kabisa kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu. Mtoto anayecheua huku anacheka, ananyonya na kunenepa hahitaji dawa yoyote, ni vitambaa vya kufutia tu. Daktari anaona watoto wa namna hiyo kila siku, na benchi la nje limejaa hadi mlangoni. Ukimwambia "anatapika sana", anasikia kile alichosikia kwa mama aliyetangulia.

Tatizo ni kwamba katikati ya hao wengi yupo mmoja ambaye tindikali ya tumbo inamchubua umio, ana kiungulia kile kile kinachomfanya mtu mzima ashindwe kulala, ila yeye hana mdomo wa kusema. Au yupo ambaye shida yake si kucheua hata kidogo.

Kwa hiyo kabla sijaendelea, yapo mambo ambayo hayasubiri foleni ya kesho. Matapishi ya kijani. Damu kwenye matapishi, au kitu cheusi kama masimbi ya kahawa. Mtoto wa wiki chache anayetapika kwa kurusha mbali kila anaponyonya, kisha anataka ziwa tena kwa njaa. Huyo huenda njia ya kutokea tumboni imeziba, na hurekebishwa kwa upasuaji. Homa kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu. Tumbo kuvimba na kuwa gumu. Utosi kubonyea, nepi kukaa kavu kwa masaa mengi, mtoto kulegea, kukatika pumzi au kubadilika rangi mdomoni. Ukiona mojawapo ya hayo, tafuta usafiri usiku huo huo, na mtu akikuambia "mama rudi asubuhi", usiondoke mlangoni.

Wangu hakuwa na hayo. Alikuwa na kilio tu, na mimi nilikuwa nimeshakwenda mara tatu bila kilio hicho kusikilizwa.

Hapo ndipo lilipoingia jambo ninaloliandika kwa uchungu. Mama mkwe wangu, mwanamke wa Bahi mwenye upendo usio na kipimo, aliona mjukuu anavyokataa ziwa akasema, "Mwanangu, huyu ana kimeo." Jirani akaongeza kwamba kama si kimeo basi ni meno ya plastiki. Walikuwa wanamjua mtu wa kukikata. Sikuwa na mtu mwingine aliyekuwa ananisikiliza, na hawa walikuwa wananisikiliza kwa makini, wananishika mkono, wanamwangalia mtoto mdomoni. Nilikubali. Tulipanga siku.

Kimeo ni kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo, kila mtu anacho, na hakihusiki na kucheua wala kukataa ziwa. Kukikata kwa kifaa kisichochemshwa kunaleta damu isiyokatika, usaha, pepopunda. Hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni vichomozo vya meno halisi ya mtoto vilivyo bado ndani ya ufizi. Watoto wamekufa kwa mambo haya katika mikoa yetu. Ninawaomba madaktari wanaosoma hapa waelewe: mama unayemwambia "ni wasiwasi tu" haendi nyumbani kutulia. Anaenda kwa yule atakayemwambia mtoto ana kitu.

Kilichotuokoa ni tarehe. Siku ya kimeo iliangukia baada ya chanjo ya wiki 14, nikaenda kwanza kliniki. Muuguzi aliyempima alikuwa mama wa makamo, Mgogo. Nikamwamkia kwa "mbukwa" akaitikia, akaangalia mzani, akaangalia kadi, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Huyu anakula?" Nikaanza kulia. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Wiki ya 6, kilo 4.4. Wiki ya 10, kilo 4.9. Wiki ya 14, kilo 5.1. Mtoto wa umri ule huongeza kiasi cha gramu 20 hadi 30 kwa siku, na wangu alikuwa ameongeza gramu 200 katika wiki nne nzima. Mstari wa kadi uliokuwa unapanda ulikuwa umeanza kulala.

Kadi ile nilikuwa nayo kwenye mkoba hospitali zote tatu. Hakuna aliyeiomba, na mimi sikujua kuitoa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huo: ingia chumbani kadi ikiwa wazi mkononi, ukurasa wa uzito, na iwe ndiyo sentensi yako ya kwanza. Usianze na kilio cha usiku wala uchovu wako, hata kama ndicho kinachokuua. Sema, "Daktari, mwezi uliopita aliongeza nusu kilo, mwezi huu ameongeza gramu 200." Nimeona kwa macho yangu daktari akiweka kalamu chini kwa sentensi hiyo. Kama uzito haujapimwa siku hiyo, omba upimwe kabla ya kuingia, mtoto akiwa bila nguo, na ikiwezekana mzani ule ule wa mara iliyopita.

Cha pili ni daftari. Muuguzi yule aliniambia nisubiri siku tatu za kuandika wakati rufaa inashughulikiwa. Niliandika kila nilipomnyonyesha: saa ngapi, kwa muda gani, aliachia mara ngapi, alilia kwa muda gani baadaye, alicheua kiasi gani, nepi ngapi zilizolowa. Nikamrekodi pia kwa simu, dakika mbili tu, akijipinda. Mtoto ana tabia ya kulala usingizi wa pono mara tu mnapofika kwa daktari. Video haina usingizi.

Daktari bingwa wa watoto aliangalia video mara mbili. Akaniomba nimnyonyeshe mbele yake. Hakusema chochote kwa dakika kumi, alikuwa anatazama tu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Na wewe mama, unakula nini?"

Nikamwambia kwa fahari. Mama mkwe alikuwa ananiletea maziwa ya ng'ombe kutoka Bahi ili niwe na maziwa ya kutosha. Uji wa uwele kwa maziwa asubuhi, mgando mchana na ugali, chai ya maziwa jioni. Nikizidi kuona mtoto hanyonyi, nazidi kunywa. Daktari akaeleza kwamba kuna watoto wachache ambao mwili wao haupatani na protini ya maziwa ya ng'ombe, protini hiyo inapita kwenye maziwa ya mama, na dalili zake zinafanana sana na kiungulia cha kucheua. Hakusema ana uhakika. Alisema tujaribu: niache maziwa na kila kitu chenye maziwa kwa wiki nne, niendelee kumnyonyesha bila kumpa kingine, kisha nirudishe tuone. Ili nisikose madini ya mifupa akanisisitizia dagaa wa kuliwa mzima na mboga za majani. Mlenda na dagaa, basi, ndivyo nilivyoishi.

Kufikia wiki ya pili mtoto alilala saa tatu mfululizo. Nilimwamsha kuhakikisha anapumua. Wiki nne zilipoisha nikanywa chai ya maziwa siku mbili, na siku ya pili jioni mgongo ukajipinda tena. Hapo tukawa na jibu. Katika wiki ya 20 alikuwa na kilo 6.2.

Tafadhali usiache maziwa leo kwa sababu umesoma habari yangu. Wengi wanaocheua hawana shida hii, na mama anayenyonyesha akijikatia vyakula ovyo anajidhoofisha bure. Ichukue kama swali la kumuuliza daktari. Vivyo hivyo usiende duka la dawa kuomba za kupunguza tindikali. Kwa mtoto mchanga zinahitaji kipimo cha uzito na sababu iliyothibitishwa, na kwa anayecheua tu hazimsaidii. Na usimpe uji mwepesi "ili utulie tumboni" kabla hajafika miezi sita.

Mambo madogo ya nyumbani yalinisaidia, nayasema haraka: kumnyonyesha kidogo kidogo mara nyingi, kumbeulisha katikati, kumshika wima dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya, kutofunga nepi ikambana tumbo. Ila kulala alale chali, juu ya godoro lisilo na mto, hata kama anacheua. Ule usingizi wangu wa kuegemea ukuta na mtoto kifuani ulikuwa hatari kubwa. Mtu akilala hoi hivyo mtoto anaweza kuteleza akakosa hewa.

Sasa, maneno ya chumbani. Mimi nililelewa kumwambia daktari "ndiyo" na "asante", na naamini adabu haipaswi kuondoka. Lakini kuna maswali yenye adabu ambayo hayajibiwi kwa "atakua". "Daktari, kama ni kucheua kwa kawaida, kwa nini uzito hauongezeki?" "Zaidi ya hicho, kinaweza kuwa kitu gani kingine?" "Nikiona nini nirudi, na nirudi baada ya siku ngapi?" Na lile lenye nguvu kuliko yote: "Naomba uandike kwenye cheti kwamba nimekueleza anakataa ziwa, na kwamba umeona haihitaji uchunguzi." Liseme polepole, bila kununa. Mara nyingi anayeombwa kuandika hivyo huomba kwanza kumwona mtoto tena.

Akikataa hata hapo, kumwona daktari mwingine si utovu wa nidhamu. Hospitali ina mganga mfawidhi na ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda kwa utulivu, useme unataka mtoto aangaliwe na mtu mwingine. Ukiwa zahanati au kituo cha afya, omba rufaa, hadi hospitali ya wilaya au ya mkoa. Najua maana ya nauli kutoka Mpwapwa au Kongwa, najua bima haifunguki kila mlango. Ndiyo maana safari moja yenye kadi, daftari na video ina thamani kuliko safari tatu za machozi.

Jambo moja linanikera hadi leo. Siku tulipokwenda na baba watoto, maneno yale yale niliyoyasema mara tatu aliyasema yeye mara moja, na akapewa kiti. Kama una mume, kaka au shemeji wa kukusindikiza, nenda naye, mtoto apone kwanza. Lakini haikupaswa kuwa hivyo.

Mama mkwe hakunilaumu kwa kukataa maziwa yake. Nilimweleza nikipiga magoti, nikidhani ataumia. Alikaa kimya, akasema, "Basi yale maziwa tuuze, tununue dagaa." Kuhusu kimeo hatukuzungumza tena.

Kijana aliacha kucheua alipokaribia miezi 13. Juzi mama mmoja wa mtaa wa pili alinijia na binti wa wiki saba, amefungwa kanga, analia kwa ile sauti ninayoijua. Ameambiwa ni wasiwasi. Nilimpa mama huyo uji, nikampa daftari langu la zamani lenye kurasa zilizobaki, tukachora mistari ya siku tatu pamoja. Jumatatu tunaenda kliniki wote wawili, saa moja asubuhi, kabla benchi halijajaa.