Kufuli la kabati

Mwanangu, marahaba, shikamoo yako nimeipata na ile voisi ndefu nimeisikiliza mara mbili, ya pili mama yako kaninyang'anya simu akaisikiliza yeye. Kwa hiyo mko watatu hapo Ipagala, Dodoma, mmoja kaweka kufuli kwenye kabati lake la jikoni, na unaniuliza na wewe uweke la kwako au umwambie usoni kwamba hujapenda. Sawa. Niko barazani nachapa kwa kidole kimoja, nivumilie makosa.

Mimi siku zote nasema, watu wakikaa nyumba moja wapike sufuria moja. Mnanichekaga, eti baba na sufuria lake, lakini ndo hivyo, nyumba ya masufuria matatu hiyo sio nyumba ni gesti.

Sasa mimi nakuja Tanga kutoka Pangani mwaka 1983, nina miaka 20 na sanduku la bati, na sisi tulikuwa watatu, chumba kimoja Ngamiani barabara ya 14, mimi, ba'mdogo wako wa Muheza (watu wanadhani tumezaliwa tumbo moja, hapana, tumezaliwa chumba kimoja) na yule Msambaa ambaye baadae alirudi kwao Lushoto. Kitanda kimoja cha kamba, teremka tukaze, tunalala kwa zamu ya wiki, wawili wanaobaki mkekani. Jiko la tambi linalotoa moshi kuliko moto. Na sufuria moja! Leo bada, ule ugali wa muhogo, kwa uono, vile vidagaa vyetu, kesho bada kwa kisamvu, keshokutwa uono tena. Kazi vibarua bandarini, marobota ya katani, enzi hizo meli inatia nanga huko nje na mzigo unaifuata kwa matishari, sio sasa hivi meli inakuja kufunga gatini kabisa, jioni unarudi bega limechubuka unataka chai tu na chai yenyewe haina sukari.

Sukari ilikuwa hakuna. Sio bei juu kama mnavyolalamika nyie, hakuna. Nikapanga foleni toka saa kumi alfajiri nikapata kilo moja. Na hapo redioni kutwa ni wahujumu uchumi, waziri mkuu Sokoine kawakalia kooni, watu wanatupa mali zao usiku wasikutwe nazo, na mimi kilo yangu nikaipeleka wapi? Sandukuni, chini ya kitanda, nikapiga kufuli, ufunguo nikavaa shingoni kama hirizi. Nikajiambia hii ni ya bibi yako Pangani, ya uji wa futari, maana mfungo ulikuwa mlangoni. Uongo. Yaani nusu ni kweli, ilikuwa ya bibi yako. Nusu nyingine nilikuwa naamka usiku nachota kijiko nalamba gizani, wenzangu wanakoroma pembeni.

Wiki ile kitanda ni zamu yangu. Ba'mdogo wako yuko chini mkekani, kichwa chake na sanduku langu ni hatua moja. Siku ya tatu narudi kazini, nainama niangalie sanduku, nakuta limehama. Limekalishwa juu ya matofali mawili, na matofali yamewekwa ndani ya karai, na karai lina maji. Kufuli halijaguswa. Nikatazama sakafuni nikaona mstari wa sisimizi unatoka mlangoni unakuja mpaka kwenye ukingo wa karai, pale wamekwama wanazunguka zunguka. Na lile ndo karai letu pekee, la kufulia hilohilo la kuogea hilohilo. Yeye nikamkuta bombani anafua shati lake juu ya jiwe. Akaniangalia akasema, "Sisimizi wa mji huu hawana adabu," akaendelea kufua.

Hakusema kingine mwanangu. Angenitukana ningepona siku hiyohiyo. Sukari nikaitoa jioni ile nikajifanya ndo nimeipata leo, Msambaa akacheka mpaka akatoka nje, ba'mdogo wako akapokea chai yake akasema Mungu akuzidishie. Ndo maana kila Idi akija hapa akipewa kikombe anauliza "humu hamna sisimizi?" na nyie mnacheka tu mkidhani mzee ana vituko. Mimi huwa naangalia pembeni. Miaka 40 na ushee.

Kwa hiyo mambo ya sufuria moja, sijui. Sisi tulikuwa nalo na bado nilificha. Lakini lisingekuwepo labda ningeficha na unga. Au labda tusingejuana kiasi cha mtu kunitolea karai, unaona, narudi kulekule. Na huyo binti usimchukie haraka, huwezi jua analinda nini, pengine kuna kwao wanasubiri, pengine analamba usiku kama baba yako. Lakini na mimi ningekuwa hapo nikaona kufuli jikoni ningekasirika, nisikudanganye, kufuli la jikoni linatukana nyumba nzima. Mama yako anasema niache kukuamulia, umeshakuwa mtu mzima. Haya nimeacha. Ila jibu ninalo.

Kesho nakutumia uono mkavu kilo mbili kwa basi, uufuate stendi ya Nanenane, namba ya kondakta ntakutumia. Nakwambia mapema, uono haufichiki, hata ukiufungia harufu yake itakutaja. Na nijibu hili, hicho kijikufuli chake ni cha kabati lote au cha droo moja tu?