Kazi zote ni za haraka, nianze na ipi?

SWALI: Nimejaribu kugawa kazi zangu katika vyumba vinne kwa kuangalia uharaka na umuhimu. Kati ya kazi 15, 11 zinaangukia chumba cha "haraka na muhimu", na jioni inafika sijamaliza. Nakosea wapi?

JIBU: Umepima mambo mawili kwa kipimo kimoja. Uharaka ni habari ya saa, umuhimu ni habari ya hasara. Andika kazi zote bila kuzipanga, kisha zipitie ukijiuliza: "Nikiiacha leo, kesho itakuwa nimechelewa?" Kama ndiyo, weka H pembeni. Funika alama hizo kwa kipande cha karatasi, upitie tena kuanzia chini: "Isipofanyika kabisa, mwezi ujao nani ataumia?" Akiwepo, weka M. Usipozifunika, kila H itakushawishi uiongezee M.

Bili ya umeme ambayo mwisho wake ni leo ina H na M. Ujumbe wa "nijibu sasa hivi" mara nyingi una haraka ya aliyeutuma, si yako. Kupima shinikizo la damu kuna M peke yake, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia, kwa sababu hakuna anayekupigia simu kukukumbusha. Dwight Eisenhower, rais wa Marekani, alikwisha kuligusa hilo mwaka 1954 alipomnukuu mkuu wa chuo mmoja: ya haraka si muhimu, na ya muhimu kamwe si ya haraka.

Kwa hiyo kazi ya M tupu ipewe saa yake, dakika 45 kabla hujafungua simu, na iandikwe kama tendo: si "afya", bali "kuomba miadi kliniki". Za H tupu zikusanye uzimalize kwa mkupuo, au umkabidhi mwingine ukimtajia mwisho wake. Zisizo na alama zifute. Kazi iliyoahirishwa mara tatu igawe vipande, au ikubali kufutwa.

SWALI: Bosi wangu kila kitu kwake ni dharura. Nifanyeje?

JIBU: Usibishane naye juu ya umuhimu, mwonyeshe saa. "Bosi, nina kazi tatu, kila moja inataka saa mbili, na zimebaki saa nne. Ipi isubiri kesho?" Akichagua, mwandikie ujumbe mfupi kuthibitisha.