Usigawe kode yako ya Exetat kama karanga

Mwaka 2014 nilikuwa finalisti, mwaka wa mwisho wa sekondari kwetu Kongo, na kode yangu, ile namba ya kutuma kwa mesaji upate rezilta ya Exetat (mtihani wa serikali), ilikuwa kwa telefoni saba. Nilihesabu kiisha, wakati sikuwa na kazi ingine ya kufanya: ya papa, ya tantini mwenye alikuwa anaishi na sisi, ya baba mdogo wa Uvira, ya pasta, ya jirani wa parsele, ya rafiki yangu tuliyekaa naye banki moja ya shule, na ya yule kijana anauzaka unite, kredi ya telefoni, pale njiani kwetu Cimpunda, Bukavu. Huyo wa unite nilimupatia mimi mwenyewe kwa mkono wangu, nilijisemea juu yeye hakosake kredi ataona mbele ya wote. Na kweli, aliona mbele ya wote.

Ile siku nilikuwa bombani, kwenye mstari wa bidoni, maji yanakuja kidogo kidogo vile tunayajua watu wa Kadutu. Vigelegele vikaanza upande wa Nyamugo, kiisha pikipiki moja ikapita, ingine, watoto watatu watatu juu yake, wamemwagiwa poda nyeupe kichwa mpaka viatu, mashati ya shule yameandikwa bic mgongoni, njo namna yetu ya kushangilia waliopita. Nikaacha bidoni zangu pale pale (moja iliibiwa, mpaka leo mama anaikumbuka) nikapanda mlima mbio. Kwenye mlango wa parsele tantini akanikumbatia. Sasa mujue, tantini wangu hakumbatiaka mtu, hata kwa matanga anatoa mkono tu. Akasema, "Pole mwana, Mungu njo anapangaka." Basi. Hakuna aliyenionyesha ekran, hakuna aliyenisomea mesaji, rezilta yangu niliisoma kwa mikono ya tantini. Papa alikuwa ndani amekaa, radio inaongea, hata hakugeuza kichwa.

Naandika hii juu kila mwaka wadogo zangu wa finalisti wananiuliza yaya (mkubwa wao) nifanye nini rezilta ikitoka, na wote wanangoja niwaambie mambo ya kufunga na kuomba. Funga, omba, siyo mbaya. Lakini kitu cha kwanza nawaambiaka ni hiki: kode yako ijue wewe na mtu mmoja. Mmoja tu. Na huyo mmoja asikuwe mwenye kelele.

Watu wanafikiri kuanguka njo kulinichoma. Kuanguka kunauma, sikatai, lakini kunauma siku zake kunapita. Kenye kilibaki ni kwamba parsele nzima ilijua mbele yangu. Nilikuwa natembea kutoka bombani mpaka nyumbani na watu wananiangalia, yule wa unite akageuza macho akajifanya anahesabu makuta, mama mmoja akaniambia "courage" na mimi nikamujibu "merci mama" nikicheka, nilifikiri ananisalimia. Hiyo "merci mama" ingali inanirudilia usiku hata sasa niko mtu mzima na watoto.

Kwa hiyo, kode. Ni namba refu, andika kwenye karatasi, na usiitegemee kichwa chako, ile siku kichwa kitakimbia. Ukituma kwa mesaji soma tarakimu moja moja, juu ukikosea moja tu unaweza kubaki bila jibu ao ukaona ya mtu mwingine ukalia bure, ao mbaya zaidi ukafurahi bure. Halafu rezo. Siku ya rezilta rezo inakuwa kama barabara ya Essence saa kumi na moja jioni, kila mtu anasukuma na hakuna anayesonga, unatuma wanakukata unite na jibu haliji. Hiyo haimaanishi umeanguka! Inamaanisha rezo imejaa. Ngoja usiku wa manane utume tena, ama asubuhi mapema.

Ingine watoto hawajui: rezilta haitokake yote mara moja. Wanatoa opsioni kwa opsioni (ile masomo umechagua), provensi kwa provensi. Leo unaweza kusikia wa pedagojia wanamwaga poda na wewe uko wa biokimia, unaanza kujisikia vibaya kumbe yenu haijatoka hata kidogo. Mimi niliona dada mmoja wa komersial amelia siku mbili, hakula, akanywa maji tu, siku ya tatu opsioni yake ikatoka na alikuwa na asilimia 61. Siku mbili za machozi za bure kabisa. Uliza kwanza kama ni zamu yenu.

Na wale wa kukupigia wakisema "niko na mtu Kinshasa, tuma dola tukuongezee asilimia", kata simu. Hata usibishane nao, wanajuaka kuongea kuliko wewe. Asilimia 50 njo mstari, chini yake hakuna mtu wa simu atakuvusha, atakula tu franga za wazazi wako.

Sasa kama umeanguka.

Hapa nitasema kitu chenye sikukisemaka kwetu miaka mingi. Nilipoanguka niliambia watu wote kwamba walinionea. Wiki mbili nzima, "walinionea, walinionea," mama akanisadiki, akaenda mpaka kuongea na prefe, mkuu wa shule. Kiisha mwalimu wetu wa kemia, mzee mwenye alikuwa amechoka na maisha lakini anatupenda, akaniita pale Nyawera karibu na mahali wanachomaka mahindi, akaniuliza swali moja tu: "Siku ya sianse, ulijibu kwa kichwa chako ao kwa karatasi?" Nikanyamaza. Juu ukweli ni kwamba usiku wa mbele yake majibu yalipita kwa telefoni, watu tulichanga, mimi nilitoa franga za usafiri za wiki nzima, tukakesha tunakariri herufi. Haikuwa masomo, ilikuwa herufi tu: moja B, mbili D, tatu A. Asubuhi nikaingia, nikapewa item, karatasi ya maswali, seri yangu haikuwa ile, maswali yamepangwa ingine namna, na mimi kichwani niko na wimbo wa herufi tu. Ningeweza kuacha wimbo nifanye kemia yangu ile kidogo nilikuwa naijua. Sikuacha. Nilijaza wimbo.

Mzee hakunigombeza. Alinunua hindi moja akalivunja mara mbili akanipa kipande kikubwa. Akasema mwaka kesho uje na kichwa.

Kwa hiyo ukiwa umeanguka, mbele ya kusema walikuonea, jiulize kwa siri lile swali la mzee. Inawezekana kweli kuna kosa, uliandika kode vibaya kwenye karatasi ya majibu, ama seri hukuijaza vizuri, hayo yanafikaka, nenda na mzazi kwa prefe mapema umuulize njia ya kulalamika, usikae nyumbani unalalamika kwa ukuta. Lakini kama ni wimbo wa herufi, unajua mwenyewe.

Siku tatu za kwanza usikate neno lolote. Mimi siku ya pili nilishaamua nitaenda kuchimba dhahabu Kamituga, nilishapanga na begi, na hakuna mtu alinizuia isipokuwa mvua, barabara ilikuwa imekatika. Naishukuru ile mvua. Kuna rafiki yangu alienda mwaka ule, alikuwa na akili kunishinda, hakurudi kwenye banki ya shule tena.

Kurudia mwaka ni kitu cha haya, sitakudanganya. Unakaa na watoto walikuwa nyuma yako, wanakuita "mzee," mwalimu akiuliza swali gumu wote wanakugeukia kama wewe njo mwandishi wa kitabu. Na franga: masomo ya bure ya primere yalianza 2019 tu, sisi mwaka ule wa sekondari tulikuwa tunalipa, kwa hiyo papa alinikalisha akaniambia wazi mimi nitalipa nusu, ingine utafute. Nilibeba mifuko ya bunga ya muhogo kwa mama sokoni Kadutu, asubuhi mbele ya masomo, mpaka leo nikisikia harufu ya bunga mbichi mabega yanauma. Kama kwenu kurudia shule haiwezekani kabisa, kuna njia ya otodidakti, unajiandikisha kama mtu asiye na shule, kuna mtihani wa kwanza wa kukupitisha mbele ya Exetat yenyewe, kaulize kwa inspeksio, ofisi ya wakaguzi wa shule, tarehe zao zinapitaka haraka.

Mwaka 2015 kode sikupatia mtu. Hata papa. Alikasirika, alisema sasa umekuwa na siri kwa nyumba yangu, yeye aliyepata D6 yake, diplome ya sekondari, enzi za Zaire na majina yalisomwa kwa radio, mtaa mzima unasikiliza, na hakufa na haya. Nikamwambia papa, wewe ulipita. Akacheka kidogo, ile kucheka ya pua.

Nilishuka mpaka Nguba, nikakaa ukutani penye unaona ziwa, nikatuma. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili hakuna. Mara ya tatu: reussi, nimepita, 53. Nilikaa pale kama dakika ishirini peke yangu na ile 53. Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyenikumbatia, mashua ya wavuvi wa samaki sambaza ilikuwa inatengenezwa pale chini, mtu anapiga misumari, tok, tok. Niliisoma tena na tena mpaka telefoni ikaanza kuomba moto, batri inaisha. Hizo dakika ishirini zilikuwa zangu. Sijawahi kuwa na kitu cha peke yangu namna ile, na nyumba yetu tulikuwa watu kumi na moja.

Kiisha nikapanda pikipiki mpaka sokoni. Mama alikuwa anapimia mteja bunga kwa kopo. Sikusema kitu, nilimuonyesha telefoni, na mama hajui kusoma Kifaransa lakini aliona uso wangu. Akachukua lile kopo lote, la mteja, akanimwagia kichwani. Mteja akapiga kelele, "Mama, bunga yangu!" Mama akamwambia ngoja mama nitakupimia ingine, mwana wangu amepita. Poda ya dukani sikuipakwaka. Nilipakwa muhogo.

Kwa waliopita, mambo machache haraka haraka. Poda sawa, lakini pikipiki watu wanne kwenye mlima wa Kadutu, hapana, kila mwaka mtu anavunjika mguu akiwa na diplome. Ukiwa na 50 ama 53 usijifiche, nenda kwenye iniversite mapema uulize, kuna fakulte zinaomba asilimia ya juu na zingine wanakupitisha kwa konkur, mtihani wa kuingia, na huko hakuna anayekuuliza kama Exetat ya mara ya kwanza ulianguka ao hapana. Angalia jina lako na tarehe ya kuzaliwa kwenye kila karatasi, herufi moja mbaya leo itakutembeza ofisi kwa ofisi miaka. Atestasio, ile karatasi ya kungojea diplome, piga fotokopi nyingi uweke mahali panya hawafike, juu diplome yenyewe inaweza kukawia sana, mimi yangu niliishika wakati nilikuwa nimeshamaliza mwaka wa pili wa iniversite.

Na nyinyi wazazi, na matantini: mtoto akiwa hajasoma rezilta yake, musimupe pole. Wala pongezi. Mpeni telefoni yenye kredi, mutoke inje, mujifanye muna kazi.

Mdogo wangu wa mwisho ni finalisti mwaka huu. Juzi nilimpigia nikamwambia nitumie kode nikuangalilie, huku kwangu rezo ni nzuri. Akaniuliza, "Yaya, si wewe ulisema mtu mmoja?" Nikamwambia ndiyo, mimi njo huyo mmoja. Akasema hapana, huyo mmoja ni mama.